Kabla Nta Haijaganda

Fuwele ya kwanza ilikufa asubuhi ile ile, mbele ya macho yake, na Priscille hakuwa na la kufanya ila kuitazama.

Ilikuwa nzuri, maskini. Kingo zake zilinyooka, na mwanga wa hadubini ulipita ndani yake bila kukwama. Aliinyonya ndani ya mrija wa kioo mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, nayo ikaingia pamoja na maji yake bila ubishi. Kisha akachukua kipande cha karatasi ya kunyonya, akakigusisha kwenye mdomo wa mrija ili kipunguze maji kidogo. Karatasi haikujua kidogo ni nini. Ilikunywa yote kwa mkupuo, na kabla hajaiondoa fuwele ilikuwa imeachwa pakavu. Ufa mmoja ukatokea katikati, ukafuata mwingine, na kitu kilichochukua miezi kukua kikawa unga ulioshikamana na kioo.

“Imekufa,” alisema.

“Iko zingine,” Michée akajibu nyuma yake.

“Iko tatu tu. Na Orly anakuja saa sita.”

Michée alikuwa akilowesha kitambaa. Siku nyingine angetania. Yeye ni mtu wa Butembo, mwenzake wa miaka mingi katika chumba kile chenye meza mbili na friji moja nyuma ya chuo, na hajawahi kuacha kosa lipite bila kulisindikiza kwa kicheko. Angesema siye batu ya Butembo tungekuwa tumeshaziuza hizo fuwele, faida mukononi, kuliko kuzitesa namna hii. Leo alisimama tu, kitambaa chenye maji mkononi, akakining'iniza juu ya meza ili hewa isiwe kavu mno. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na vumbi la barabara lilipenya hata kwenye dirisha lililofungwa.

Watu wakisikia neno fuwele hudhani ni jiwe, kitu cha kuwekwa pamoja na dhahabu ya migodi ya Kilo, ukikiangusha kinalia sakafuni. Fuwele ya protini si jiwe. Nusu yake ni maji. Ukiigusa kwa pupa inavunjika, ukiiacha hewani inakauka, ukiipasha moto inayeyuka. Wenye maabara tajiri huigandisha kwa baridi kali ya gesi, wakaibeba ikiwa imelala. Hapa Bunia gesi hiyo haipo, na hata ingekuwapo, ndogo za aina hii zilijaribiwa mara moja kule Kampala zikapasuka zote. Basi ilibaki njia ya zamani: kuitia ndani ya mrija, kuiachia tone la maji yake kwa pembeni ili hewa ya ndani ibaki na unyevu, kisha kuziba ncha zote mbili kwa nta. Hivyo ingesafiri ikiwa hai, katika joto la kawaida la chumba, mpaka Ulaya kwenye mashine inayopiga miali ya eksirei. Miali ikipita ndani ya fuwele hutawanyika, na kutokana na mtawanyiko huo mtu mwenye subira anaweza kuchora umbo la protini ilivyo.

Na protini hii ilikuwa sumu.

Ilitoka kwenye maharage ya porini, yale madogo meusi yanayoota kwenye kilima kimoja upande wa Kpandroma. Wakati wa amani hakuna aliyeyagusa. Vita vilipowakimbiza watu mashambani, waliolala vichakani waliyachuma kwa njaa, wakayachemsha, wakala. Walioyala sana walianza kulegea miguu. Sasa katika kambi za pembezoni mwa Bunia kuna watoto wanaobebwa mgongoni katika umri wa kukimbiza mpira, na mama zao wakiuliza dawa huambiwa kwamba kwanza sumu yenyewe haijajulikana. Priscille alichoshwa na jibu hilo. Alitaka kuiona sumu hiyo uso kwa uso, ajue imeshika wapi mwilini na inaweza kung'olewa vipi.

Aliyemletea maharage alikuwa baba yake, muzee Fulgence. Familia nzima ilikimbia kutoka kilima hicho hicho, na muzee ndiye pekee aliyekijua kila kijia chake. Priscille alimkataza kurudi. Alimkataza kwa maneno, akamkataza kwa machozi, hata akamtuma mchungaji. Muzee akacheka. “Weye unajua ile mikroskopi yako,” alimwambia, “miye najua ule mulima. Kila mutu na kazi yake.” Akaenda, akarudi na kimfuko cha maharage kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, miguu imevimba, uso umejaa furaha. Na Priscille, Mungu amsamehe, alifurahi naye. Alimrukia shingoni kama mtoto. Siku fuwele za kwanza zilipoonekana, alimleta maabara, akamkalisha kwenye kiti, akamwonyesha. Muzee alitazama kwa muda mrefu, akasema, “Kumbe kitu inayoua batoto iko muzuri namna hii?”

Furaha hiyo ndiyo iliyompeleka mara ya pili. Hakumuaga mtu. Alipiga simu kutoka sokoni Kpandroma, akasema anaongeza maharage mengine, mbegu ya kutosha, ili mwanawe asihangaike tena. Tangu hapo simu yake haikuita. Kilima kilikuwa kimeshikwa na wenye bunduki, barabara ilikuwa imefungwa, na mwezi mzima ulikuwa umepita.

Kwa hiyo mfuko ulikuwa mmoja, na fuwele zilizokua humo zilikuwa nne tu zenye ukubwa wa kufaa. Zamu yao kwenye mashine ilikuwa wiki hiyo. Ikipita, wangengoja mwaka mwingine, na fuwele hazingojei mwaka. Orly, mwenzao wa chuo, alikuwa na nafasi kwenye ndege ya mchana kwenda Entebbe, na kutoka huko mbele zaidi. Asipoondoka na hata fuwele moja hai, basi muzee alikuwa amerudi kwenye kilima kile bure. Hilo ndilo Priscille hakuweza kulibeba. Mengine yote angeyabeba.

“Lete ya pili,” alisema.

Ya pili iliingia vizuri kuliko ya kwanza. Safari hii aliigusisha karatasi na kuiondoa, akaigusisha na kuiondoa, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Akaacha tone la maji mahali pake. Michée alikuwa ameshayeyusha nta juu ya taa ndogo, akampa kijiti chenye tone la nta kwenye ncha.

Nta hiyo ilikuwa ya nyuki, ya Komanda. Wauza asali wa Komanda ni watu wa Mungu mpaka mfike kwenye mizani. Huyu aliyewauzia alikuwa ameichanganya nta na mafuta ya mawese ili izidi uzito. Walikuja kulijua hilo wakati duka la vifaa vya meno lilipoishiwa na nta safi na barabara ya kuleta nyingine ilipofungwa. Waliichemsha, wakaichuja kwa kitambaa, wakaichemsha tena, lakini mafuta hayakutoka yote. Nta ya namna hiyo haigandi upesi. Inakaa inafikiri. Priscille alipoipaka kwenye ncha ya mrija ilitulia kidogo, halafu, ikiwa bado laini, ikateleza ndani. Alijaribu kuuinua mrija. Utando wa mafuta ukalifikia tone la maji, ukatanda, ukaifikia fuwele, na kingo zake zote zikafifia.

Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Waliosema maneno hayo mawili hakika hawakuwahi kuziba mrija wa fuwele kwa nta ya Komanda.

Priscille aliweka mrija chini taratibu sana. Alitaka kuurusha ukutani. Alifunga macho, akashusha pumzi, na alipoyafungua yalikuwa yanatazama dirishani badala ya mezani.

Nje, kwenye benchi karibu na pipa la maji, alikuwa ameketi tantine Martine, dada mdogo wa baba yake.

“Tantine anatafuta nini hapa?” aliuliza.

“Alipita tu kusalimia,” Michée alisema haraka. “Nimemwambia uko na kazi.”

“Na siku ya soko?”

Michée alianza kukunja kitambaa. Tantine Martine anauza makala, mkaa wa kupikia, na haachi meza yake sokoni hata mvua ya mawe inyeshe. Sasa alikuwa ameketi mikono mapajani, katika kitenge chake cha kanisani, na hakuwa akitazama dirisha. Alitazama kila kitu isipokuwa dirisha.

“Simu yangu iko wapi?” Priscille aliuliza.

“Nimeiweka ndani ya kabati. Ikitetema inatikisa meza. Si weye mwenyewe unasemaka vile?”

Kweli, mwenyewe husema hivyo. Lakini Michée hakuwahi kumtii katika jambo hilo hata siku moja. Priscille akakataa kulifuata wazo hilo. Alirudisha jicho kwenye hadubini, akatafuta fuwele ya tatu.

Alikuwa ameshaanza kuinyonya aliposikia hatua kwenye changarawe. Hakutaka kugeuka. Aligeuka. Shemeji yake, mke wa kaka yake, alikuwa anaingia langoni na mtoto mgongoni, akamsalimia tantine bila kelele, mkono kwa mkono, muda mrefu. Nyuma yake alikuja jirani yao wa mtaa wa Bankoko. Nyuma ya jirani alikuja mchungaji, bila Biblia, mikono nyuma. Wakakaa kwenye majani, mmoja mmoja, wakiacha nafasi kama watu wanaojua wengine watakuja. Hakuna aliyegonga mlango. Hakuna aliyeita jina lake.

Mkono wa Priscille ukaruka. Ulikuwa mruko mdogo tu, lakini fuwele iligonga ukingo wa mrija na kukatika vipande viwili, kimoja kikabaki ndani, kingine kikaanguka kwenye tone na kuzama.

Hapakuwa na haja ya mtu kumweleza. Alikulia humo. Kwao kifo hakitangazwi kwa simu, wala hakitangazwi kwa mtu aliyesimama, wala kwa mtu mwenye kazi mkononi. Watu hujikusanya kwanza. Huja polepole, wakakaa karibu na mwenye msiba bila kumwambia ana msiba, wakangoja amalize alichoshika. Jembe likiwa mkononi, wanangoja jembe liwekwe chini. Mtoto akiwa anaogeshwa, wanangoja avikwe nguo. Kisha mmoja husema kuna mgonjwa nyumbani, twende. Mtu wa Bunia akiona ndugu zake wamekuwa wapole bila sababu, anajua. Yeye mwenyewe aliwahi kuketi hivyo kwenye majani ya watu wengine, akitazama kando.

“Michée.”

“Ee.”

“Usiniambie kitu.”

“Siambii kitu.”

“Usitaje hata jina. Nijibu tu hii moja. Ulijua tangu asubuhi?”

Michée aliweka kijiti cha nta mezani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya kubeba magunia, na mabega hayo yalikuwa yameanguka.

“Tangu jana,” alisema. “Batu ya kwenu balinikuta hapa magaribi. Balitaka kukufuata nyumbani. Miye njo nilibaomba bangoje mpaka Orly aondoke.”

“Weye njo uliomba.”

“Miye.”

“Nimelala usiku muzima. Nimekula chai. Nimecheka na mwenye piki-piki njiani.” Sauti yake ilikuwa ndogo sana, maana nje kulikuwa na masikio. “Uliniacha nicheke, Michée.”

“Ungejua, ungekuja leo? Ungeshika ule murija?”

Priscille alitaka kumpiga. Alitaka kitu kizito mkononi, na mkononi alikuwa na uzi wa kioo ambao hata pumzi ingeuvunja. Alimchukia kwa moyo wake wote, naye hakuweza kumwambia amekosea, kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Asingekuja. Angekuwa amelala kwenye mkeka, nywele timutimu, na fuwele zote nne zingekauka ndani ya sahani yao hapa mezani.

“Ulitaka fuwele,” alimwambia.

“Nilitaka kazi ya muzee isipotee.” Machozi yalikuwa yanamtoka Michée waziwazi, na hakuyafuta. “Alikuwa anakujaka hapa, ananiita mutoto wake wa Butembo. Weye unawaza miye niko jiwe?”

Nje mtoto wa shemeji alilia kidogo, akanyonyeshwa, akatulia.

Priscille alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili yalikuwa mabaya. Angeweza kuinuka sasa hivi, afungue mlango, apige yowe lililokuwa limemkaa kooni, na kila mtu angemwelewa. Au angeweza kukaa. Ilikuwa imebaki fuwele moja. Ilikuwa ndogo kuliko zote, mbaya kuliko zote, imejibana kwenye ukingo wa tone chini ya ngozi nyembamba iliyoganda juu ya maji. Asubuhi alikuwa ameiruka kwa sababu ya ubaya wake. Sasa ndiyo ilikuwa yote iliyobaki duniani ya mfuko uliofungwa kwa kamba ya mgomba.

“Yeyusha nta,” alisema.

Aliinama juu ya hadubini na hakuona kitu. Kioo kilikuwa kimelowa. Alidhani ni unyevu wa kitambaa, mpaka Michée alipoingiza mkono kimyakimya, akakifuta kioo, akamfuta na yeye chini ya macho kwa nyuma ya kidole, kama anavyofutwa mtoto mwenye mafua. Priscille hakumzuia. Alikuwa bado anamchukia.

Aliipasua ile ngozi kwa sindano, pembeni kabisa, na kuisukuma kando. Fuwele ilitikisika. Alingoja itulie. Akaleta mdomo wa mrija, akauinamisha, akavuta kidogo kwa kimpira cha kunyonyea kilichokuwa mdomoni mwake, na maji yakaanza kupanda. Fuwele haikutaka. Ilishikilia sahani kwa upande mmoja. Alivuta tena na moyo wake ukamwambia acha, utaivunja, na akaendelea kuvuta kwa pumzi ndogo zisizotosha hata kuzima kiberiti. Ikaachia. Ikaingia ndani ya mrija ikizunguka, ikagota ukutani, ikakaa.

“Iko muzima,” Michée alinong'ona.

“Karatasi.”

Aliigusisha, akaiondoa. Aliigusisha tena. Maji yalishuka kwa kiasi alichokitaka, na alipoona fuwele imezungukwa na unyevu mwembamba tu, akaitupa karatasi sakafuni asije akatamani kuongeza. Akaacha tone pembeni. Alikuwa hapumui. Alisikia pikipiki ya Orly ikiingia langoni na kuzimwa, kisha kimya. Orly hakugonga mlango. Kumbe naye alikuwa amejua.

“Nta. Malembe, polepole.”

“Malembe,” Michée alikubali.

Akaziba ncha ya kwanza, mrija ukiwa umelazwa sawasawa, akahesabu moyoni bila kujua anahesabu nini, mpaka nta ikakataa kuteleza. Akaugeuza. Akaziba ya pili. Nta ikafanya kama kawaida yake, ikakaa inafikiri, laini, inang'aa, tayari kumsaliti. Dawa ilikuwa moja tu: kuushika mrija kati ya vidole viwili, bila kutikisika, mpaka nta igande yenyewe.

Akaushika.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakuwa na haraka. Alikuwa na kazi mkononi. Kila mtu aliyeketi kwenye majani aliiona kupitia dirishani, na kwa adabu za kwao hakuna ambaye angefungua kinywa. Baba yake alikuwa amechelewa tu barabarani. Alikuwa Kpandroma akigombana na wenye malori. Alikuwa amelala kwa mtu, miguu imevimba, anakunywa chai. Nta haijaganda, basi hakuna aliyekufa. Priscille aliibariki nta mbovu ya Komanda, akambariki na mwizi aliyeitia mafuta.

Michée alisogeza taa, akaangalia.

“Imeganda,” alisema.

“Bado.”

“Priscille. Imeganda.”

“Nimesema bado.”

“Dada yangu.” Hakuwahi kumwita hivyo. “Joto ya vidole yako inaingia ndani. Utaipika. Utaiua weye mwenyewe.”

Alijua. Nani angelijua zaidi yake? Aliuona ukingo mmoja wa fuwele, au alidhani ameuona, ukianza kupoteza ukali wake. Vidole havikutaka kufunguka. Aliviamuru vikakataa, na akasikia sauti ikitoka kifuani mwake, ndogo, ya mnyama. Muzee alikipanda kilima kile kwa ajili ya punje hii. Alikipanda mara mbili. Priscille alifungua vidole.

Michée aliupokea mrija kwa kijibano, akaulaza ndani ya kasha lenye pamba, akalitia kasha ndani ya chupa ya chai isiyo na chai, ili lisipate baridi wala joto la njiani. Orly aliingia akiwa na kofia ya pikipiki kwapani. Akaichukua chupa kwa mikono miwili.

“Haitakaa chini,” alisema akiitazama sakafu. “Nitaishika mukononi mpaka kule.”

Pikipiki ikawaka, ikaondoka, ikasikika mpaka barabara kubwa. Kama fuwele ingefika nzima, kama miali ingeipita na kuonyesha chochote, hayo yangejulikana baadaye, na Priscille alishangaa kuona kwamba kwa sasa hayamuumi wala hayamfariji. Alilofanya lilikuwa limekwisha kufanywa.

Akazima hadubini. Akaifunika. Akaokota karatasi sakafuni, akafuta meza mahali palipokuwa pakavu, akazipanga sindano kwa urefu, akazipanga upya kwa unene. Akafungua friji, akatazama ndani, akaifunga. Michée alimngoja bila kumhimiza. Mwisho hapakuwa na kitu chochote katika chumba kile kilichohitaji mkono, na mikono yake ikabaki wazi mbele yake. Michée akafungua mlango.

Jua lilimpiga usoni. Watu wote kwenye majani waliinua vichwa, kisha wakaviinamisha. Walikuwa wengi kuliko alivyofikiri. Mkeka ulikuwa umetandikwa kivulini, kando ya ukuta, na sufuria mbili zilizofungwa kwa kitambaa zilikuwa juu yake, zimeletwa kutoka nyumbani zikiwa za moto. Tantine Martine alisimama, akamshika mkono, akamkalisha katikati yake na ya shemeji, karibu mno, bega kwa bega, namna wanavyokalishwa watu ambao huenda wakaanguka.

“Mutoto yangu,” tantine alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. “Baba yako iko mugonjwa kidogo.”

“Mugonjwa sana?” Priscille aliuliza.

“Kidogo tu. Tutaenda kumuona. Lakini kwanza kula.”

Akafungua sufuria, akampakulia kwenye sahani. Ilikuwa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mtu hapewi habari ya namna hiyo na njaa. Wanamlisha kwanza, maana baada ya hapo hatakula siku nyingi, na kilio kinataka nguvu. Wakati anakula hakuna anayesema lolote. Mchungaji alikuwa amekwisha kusogea karibu, mikono imefumbatwa, akingoja sahani iwekwe chini.

Priscille hakuwa na njaa. Alimega tonge, akalichovya, akalitia mdomoni, akatafuna, akameza, na lilishuka kama kokoto. Akamega jingine. Alikula mbele ya watu wote wale walionyamaza, taratibu, bila kuinua macho, akifuta sahani kwa kila tonge, mpaka ikabaki nyeupe. Tantine Martine akanyoosha mkono kuipokea, na mchungaji akavuta pumzi.

Priscille hakuiachia sahani.

“Tantine,” alisema, “muniongezee.”

Wanawake wakatazamana. Mchungaji akaitoa tena ile pumzi, akatazama chini. Tantine Martine, machozi yakimdondoka ndani ya sufuria, akachota bugali nyingine, akamwongezea.